Somo: Sigara na Uanaume

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), twasema: Somo letu la leo ni la wanaume, wazee kwa vijana, nalo ni juu ya sigara. Tumewakusudia wanaume kwa kuwa balaa hili katika nchi yetu ni lao zaidi. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika kila wanaume wazima 100, kama 15 walikuwa wakivuta, ilhali wanawake hawakutimia hata mmoja katika 100. Je, mapafu ya mwanamume yameumbwa kwa ajili ya moshi? Hasha! Sababu haimo mwilini, imo katika fikira. Kijana wa hapa Kakamega haanzi sigara kwa utamu wake, kwani ile ya kwanza humkohoza na kumtia kizunguzungu. Huianza apate kuhesabiwa katika safu ya wanaume. Ametoka jandoni, sauti imekuwa nzito, sasa ataka na alama ya tatu.

Fikira hii ina waliyoipanda. Sigara iitwayo Marlboro ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1924 ilitangazwa kuwa ni laini, inayowafaa wanawake. Katika miaka ya 1950, wenyewe walipotaka fedha za wanaume, waliitolea matangazo mapya yenye picha ya mchunga ng'ombe shujaa. Wengi wakaamini. Lakini Wayne McLaren, mmoja wa waliopigwa picha katika matangazo hayo, alikufa mwaka 1992 kwa saratani ya mapafu, umri wake miaka 51. David McLean, aliyekuwa naye katika kazi hiyo, alikufa kwa maradhi hayo hayo mwaka 1995. Na hapa kwetu sigara zikapewa majina ya Sportsman, yaani mwanamichezo, na Rooster, yaani jogoo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza matangazo, na kumwuzia mtoto, na kuuza sigara moja moja. Hata hivyo picha iliyokwisha kukaa vichwani haiondoki kwa sheria peke yake, yahitaji elimu.

Basi natuyapime majina hayo. Mwanamichezo mtaji wake ni pumzi. Moshi wa tumbako una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, nayo hushika mahali pa oksijeni katika damu, mtu akatweta kwa kazi ndogo. Ama jogoo, twasema kwa adabu, wala hapana aibu katika kutafuta elimu: sigara huharibu mishipa ya damu, na nguvu za mume kwa mkewe zategemea damu ipitayo katika mishipa hiyo. Wangapi wanaozunguka kutafuta dawa za nguvu, na ugonjwa wao wameutia mfukoni wenyewe!

Wako wasemao: "Babu yetu alivuta mpaka uzeeni, na hakudhurika." Twajibu: Mmoja kuvuka mto salama si dalili kuwa mto hauna mamba. Huko Uingereza, tangu mwaka 1951, madaktari wanaume zaidi ya 34,000 walifuatwa khabari zao kwa muda wa miaka 50. Waliodumu na sigara walikufa, kwa wastani, kama miaka 10 kabla ya wenzao wasiovuta. Lakini humo humo mlikuwa na bishara njema: aliyeacha akiwa na miaka 30 aliiokoa karibu yote, aliyeacha akiwa na miaka 50 aliokoa kama 6, na wa miaka 60 kama 3. Basi asiseme mtu kwamba wakati umempita.

Na hukumu yake? Tumbako ilipofika katika nchi za Kiislamu, kama mwaka 1000 wa Hijra, wanavyuoni walikhitilafiana. Sheikh al-Laqani wa Misri aliikataza, na Sheikh al-Nabulsi wa Sham akaihalalisha. Khitilafu yao ilikuwa juu ya madhara: yapo au hayapo? Hawakukhitilafiana kwamba kujiangamiza ni haramu, na kwamba hapana ruhusa ya kujidhuru wala kumdhuru mwingine. Leo madhara yamethibiti pasi na shaka. Mwenye kushika kauli ya ruhusa ya zamani ameshika tawi ambalo shina lake limekwisha kukatwa.

Wala khasara haimkomei mvutaji. Mkewe na watoto wanaolala naye chumba kimoja huvuta wasichokitaka. Na mali je? Tukikadiria sigara moja kwa shilingi 10, avutaye tano kwa siku huteketeza shilingi 18,250 kwa mwaka. Mwanamume ni mchungaji wa nyumba yake, naye ataulizwa. Atajibu nini, mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, na karo imekwenda na moshi?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Hiki ndicho kipimo cha uanaume. Basi mtazameni mtu aamshwaye usiku na kijiti cha karatasi, kikamtoa nje penye mvua: ni nani bwana hapo, na nani mtumwa?

Wala asiseme kwamba hawezi. Katika Ramadhani hukaa zaidi ya saa 13 bila ya kuvuta, tangu alfajiri hata magharibi. Na wajuzi wa tiba wasema kuwa saa 12 tu baada ya sigara ya mwisho, ile hewa ya sumu huwa imeshuka katika damu hata kiasi cha kawaida. Basi kila jua lichwapo, damu yake imekwisha kutoka katika sumu hiyo, naye kwa mkono wake mwenyewe akairejesha, tende ingali mdomoni!

Nasaha yetu ni hii. Atakaye kuacha na aweke siku, awaambie watu wa nyumbani wamsaidie, aitoe nyumbani kila sigara na kiberiti chake, na aepuke baraza za wavutaji. Siku za mwanzo zitakuwa na hasira na ukosefu wa usingizi. Hayo ni madai ya nikotini, nayo hupungua baada ya majuma machache. Akishindwa mara moja na arudie, na amwendee daktari, kwani ziko dawa, na ubani wa kutafuna, na vibandiko vya ngozi vya kumsaidia. Nanyi wazee, mtoto asitumwe dukani kununua sigara. Mkono unaotumwa leo ndio utakaojinunulia kesho.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe nguvu juu ya nafsi zetu. Amin.