UA JEUPE KAMA MWAVULI: TUJIFUNZE KULITAMBUA



Kiangazi kikikaza kule Magadi, ambako nchi iko kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, ng'ombe hupandishwa nyanda za juu kutafuta majani. Mchungaji anayejua kila nyasi ya bondeni hufika huko akakuta mimea mingine kabisa. Mmoja wao ndio somo letu.

Katika ziara moja tulikutana na mama aliyechuma fungu la majani kando ya mtaro. Akatuuliza, hii si dhania ya porini? Kwa macho tu, hata sisi tungesema ndiyo. Majani yamechanikachanika vilevile, na maua madogo meupe yamekaa juu ya vijiti vinavyotoka mahali pamoja, kama mbavu za mwavuli.

Sasa, huo mwavuli unatuambia jambo moja tu: mmea huu huenda ni wa jamii ya karoti. Humo wamo dhania, jira na selari. Hata kwenye nchi kame kuna ndugu yao, ule mti mdogo wenye gome linalobanduka kama karatasi na kunuka karoti. Lakini katika jamii hiyohiyo yumo hemloki, ambao wataalamu huuita Conium maculatum. Asili yake ni Ulaya, Asia ya magharibi na Afrika Kaskazini, na siku hizi unaota pia nyanda za juu za Kenya, kwenye mitaro, kando ya vijito na penye udongo wenye rutuba. Ndio sumu aliyonyweshwa Socrates kule Ugiriki mwaka 399 kabla ya Kristo.

Basi tuache ua, tushuke kwenye shina. Shina la hemloki ni laini, halina vinyweleo hata kimoja, ndani lina uwazi, na lina madoa ya zambarau kama limerashiwa rangi. Mmea mkubwa humpita mtu kwa urefu. Majani yakipondwa hunuka kama mkojo wa panya. (Tumia kijiti kuponda, si vidole, na usionje kamwe!)

Karoti mwitu wa milimani, Daucus incognitus, yeye ana vinyweleo, na mbegu zake zina miiba inayonasa kwenye shuka. Mbegu za hemloki hazina miiba. Zina mistari midogo yenye mawimbi. Lakini kama maua ni mapya na mbegu bado, usikisie. Acha.

Sumu imo katika mmea wote, mizizi na mbegu pia. Ng'ombe aliyekula hutoka mate, hutetemeka, hupepesuka, kisha pumzi inapungua. Dalili zaweza kuanza kabla ya saa mbili kupita. Usimkimbize wala kumswaga kwa fimbo, maana kuchoka kunaharakisha kifo. Mtulize na mwite daktari wa mifugo. Na ng'ombe mwenye mimba anayeula mwanzoni, kama mwezi wa pili, anaweza kuzaa ndama mwenye miguu iliyopinda. Tunajua nyumba ambazo jambo hili lingeitwa laana, na jirani akasingiziwa bure.

Mtu naye hulegea misuli huku akili yake iko wazi, mpaka kupumua kunashindikana. Hakuna dawa ya kuiua sumu hii. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua hadi sumu itoke mwilini, na wengi wanaofika mapema hupona. Kwa hiyo msingoje maziwa wala mitishamba ifanye kazi kwanza. Mpelekeni mara moja, na mbebe kipande cha mmea ndani ya karatasi ya nailoni.

Kwa mkutano ujao: wanaotoka sehemu za juu waangalie mitaro yao. Ukiona shina lenye madoa, usilete mmea kwenye mkutano. Weka alama mahali hapo, twende tukauone pamoja, watoto wabaki nyumbani.