Babu alikuwa Keya (King's African Rifles), tuanzie wapi?

SWALI: Babu yangu wa Moiben alipigana Bama (Burma). Tuna picha moja tu, ana beji ya kichwa cha kifaru begani. Nitapataje habari zake?

JIBU: Beji hiyo imekurahisishia kazi. Kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin mwaka 1944.

Sasa fungua sanduku la bati la bibi kabla ya kupanda matatu ya Nairobi. Unatafuta cheti cha kuachishwa jeshi, maana namba ya askari ina thamani zaidi kuliko jina. Majina yetu ya Kikalenjin yenye "arap" yaliwatesa sana makarani. Jaribu kila tahajia.

Ukifika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, usiulizie Moiben pekee. Enzi hizo huku kulikuwa mashamba ya walowezi, na huenda babu aliandikishwa kwao, Nandi au Elgeyo. Waulize wazee rika lake la tohara, kama vile Maina au Chumo, upate makadirio ya umri. Rejesta ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina waliokufa tu. Babu aliyerudi hayumo.