SOMO LA MWEZI HUU: MAJI YA REJETA YAMEKWENDA WAPI?

Na Karani wa Afisi ya Kilimo, Marafa

Msimu wa maembe ukifika, kila motokaa inayoweza kusimama juu ya magurudumu yake huonekana barabarani. Pikapu kuukuu, Land Rover za zamani na trekta zenye matela hubeba maembe, mihogo na mahindi kutoka mashambani mwetu hadi Malindi, kwa kupita Mambrui na daraja la Sabaki. Tena jambo moja huonekana wazi: karibu kila dereva ana dumu la maji nyuma ya kiti chake. Ukimwuliza ni la nini, atakujibu, "Gari hili linakunywa maji."

Ndugu mkulima, hakuna gari linalokunywa maji. Petroli na dizeli huchomwa, lakini maji ya rejeta huzunguka tu: hutoka kwenye rejeta, huingia ndani ya injini, na hurudi tena kwenye rejeta. Yakipungua kila siku, jua kuna pahali yanapotokea. Mtu anayeongeza maji bila kupatafuta pahali hapo hajatengeneza kitu. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAZI YA MAJI

Mafuta yakiungua ndani ya injini, ni sehemu tu ya joto lake inayogeuka kuwa nguvu ya kusukuma gari. Yapata theluthi moja ya joto hilo huchukuliwa na maji. Pampu huyasukuma maji yaizunguke injini, kisha yapite katika mirija myembamba ya rejeta, nayo feni huvuta upepo wa kuyapoza.

Maji ya kawaida hapa kwetu pwani huchemka yakifikia digrii 100. Lakini kifuniko cha rejeta hubana mvuke ndani, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Kifuniko cha nguvu ya ratili 7 kwa inchi mraba huyafanya maji yasichemke mpaka yafikie kama digrii 111. Kwa sababu hiyo, kifuniko kibovu peke yake chaweza kuchemsha gari ambalo halina kasoro nyingine.

ONYO

Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa hurukia uso na mikono, na huunguza vibaya sana. Zima injini, ngoja muda wa saa nzima, weka kitambaa kizito juu ya kifuniko, kisha kizungushe polepole mpaka mvuke uishe. Tena usimwage maji baridi ndani ya injini ya moto, maana chuma chaweza kupasuka.

KUTAFUTA PANAPOVUJA

Anza asubuhi, injini ikiwa baridi. Jaza rejeta, futa sehemu zote za mbele ya injini kwa kitambaa kikavu, na utandike karatasi ngumu ya boksi chini ya gari. Washa injini kwa muda wa robo saa, kifuniko kikiwa kimefungwa. Matundu mengine hayaonekani mpaka maji yapate moto na kubanwa. Tazama kutoka ubavuni, na weka mikono, shuka na mikono ya shati mbali na feni. Kisha zima, uchunguze kwa utaratibu huu, ukianza na kitu rahisi:

1. Kifuniko. Injini ikishapoa, kifungue utazame mpira wake. Ukiwa umekatika au umekuwa mgumu, maji hutoka kwa kamrija kadogo kaliko kando ya mdomo wa rejeta. Nunua kingine chenye nguvu ileile iliyoandikwa juu yake.

2. Mipira ya maji. Ibonyeze kwa vidole. Mpira mzima hubonyea kidogo na kurudi. Mpira uliolegea kama chapati, uliovimba, au uliopasuka-pasuka umekwisha. Ikiwa umechanika karibu na ncha, na urefu watosha, kata kipande kibovu, ufunge tena na kukaza klipu. Kama mpasuko u katikati, nunua mpya.

3. Pampu ya maji. Chini ya pampu kuna kijitundu. Tone likitoka hapo, mpira wa ndani umekwisha. Usikizibe, kwani kimewekwa makusudi kikupe habari. Injini ikiwa imezimwa, shika feni uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi pia imelika. Pampu hiyo itengenezwe au ibadilishwe.

4. Rejeta yenyewe. Tafuta alama nyeupe, ya kijani au ya kutu. Maji yakikauka huacha uchafu wake nyuma, nao huonyesha njia yaliyopita. Kama huoni, fundi huitoa rejeta, huziba midomo yake, huitumbukiza ndani ya maji na kuipulizia upepo kidogo. Mapovu yatakapotokea ndipo penye tundu. Ni kazi ileile ya kutafuta tundu katika mpira wa baiskeli. Rejeta za zamani za shaba hulehemiwa vizuri. Zile za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki hazilehemiki kwa njia hiyo. Mara nyingi hubadilishwa.

5. Ndani ya injini. Ikiwa maji hupungua na chini pakavu, tazama oili. Vuta kijiti cha kupimia: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Tena, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko kisha uwashe kwa muda mfupi. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, au bomba likitoa moshi mweupe mzito hata injini ikishapata moto, huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Usiende nalo tena sokoni. Mwite fundi gari likiwa limesimama.

TUMIA DAFTARI

Maji yaliyopungua yapimwe, yasikisiwe. Tuseme Jumatatu umejaza rejeta mpaka alama, ukaenda Malindi na kurudi, na Jumanne asubuhi ikahitaji kikombe kimoja. Andika. Wiki ijayo, safari ileile, ikihitaji vikombe vitatu, umejua kwamba tundu linakua, wala huna haja ya kungoja mvuke utoke njiani. Mwanao wa shule aweza kukuandikia hesabu hiyo. Trekta ya kikundi ndiyo inayohitaji daftari zaidi, maana kila dereva hudhani yule wa jana ametazama maji.

UKIPATIKANA NJIANI

Mshale wa joto ukipanda, simama mara moja. Usiseme, "Nitafika Gongoni kwanza." Tena jihadhari: maji yakiisha kabisa, mshale waweza kushuka kwa kuwa kipimo hakigusi maji tena. Mshale ulioshuka ghafula wakati injini inagonga au inanuka si habari njema.

Injini ikishapoa, mpira uliopasuka waweza kufungwa kwa ukanda uliokatwa katika tyubu kuukuu ya tairi, ukavutwa na kuzungushwa mara nyingi. Jaza maji, legeza kifuniko kidogo ili nguvu ya mvuke ipungue, nenda polepole, na simama mara kwa mara. Hiyo ni dawa ya kukufikisha kwa fundi tu.

Wako watu wanaotia yai, pilipili au manjano ndani ya rejeta. Ni kweli wakati mwingine tundu dogo huziba. Lakini kinachoziba tundu huziba pia ile mirija myembamba ya kupoza maji, na gari lililokuwa likivuja sasa litachemka.

MAJI GANI YATIWE?

Hapa kwetu swali hili ni kubwa. Katika miaka ya 1970 na 1980, Mradi wa Magarini uliosaidiwa na Serikali ya Australia ulitafuta maji chini ya ardhi, na shida ya chumvi ikaonekana wazi. Maji ya chumvi hula chuma na shaba, na huacha ukoko ndani ya mirija. Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Yaliyo bora ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati na kuchujwa kwa kitambaa safi. Weka dumu moja la maji hayo kwa ajili ya gari.

Iko pia dawa ya rejeta, ambayo wenye maduka huiita kulanti. Huzuia kutu, na nyingi huchanganywa nusu kwa nusu na maji safi; soma maandishi ya chupa. Lakini fahamu kwamba nyingi ni sumu na zina utamu. Usiimwage uani, wala usiiache ndani ya sufuria au chupa ya soda. Mtoto, mbwa au mbuzi akiinywa aweza kufa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kijitundu kilicho chini ya pampu kisizibwe?
2. Gari linapungukiwa na maji, na chini hapana hata tone. Utatazama vitu gani vitatu?
3. Kwa nini mshale wa joto waweza kushuka ingawa injini inaungua?

Bei ya mpira mmoja wa maji si kitu ukiilinganisha na bei ya kichwa cha injini. Tena maembe yaliyoiva hayangoji fundi atoke mjini. Basi, kabla ya kupakia kreti ya kwanza, toa nusu saa yako asubuhi, tandika karatasi ile chini ya gari, na utazame.