Kiti cha Kazi: Jipime Kabla Hujalipa

Mfanyabiashara mwenzangu, kama unauza mtandaoni na kila ikifika jioni kiuno kinawaka moto, soma hii mpaka mwisho. Itakuokolea hela.

Mimi nauza suruali za jinzi. Siku yangu nzima ni simu na kompyuta: kujibu meseji, kuandika oda, kupaki mizigo ya mikoani. Miaka miwili ya mwanzo nilikalia kiti cha plastiki. Kiuno kikaanza kuuma, nikawa nameza dawa za maumivu na kuendelea. Siku moja nikainama kunyanyua kiroba cha mzigo, sikuweza kunyooka. Siku nne sikupaki oda hata moja. Wateja watatu walitaka hela yao irudi, na mmoja akaandika hadharani kwamba mimi ni tapeli.

Nilipopata nafuu nikasema sasa nanunua kiti cha maana. Nikaona picha mtandaoni: kiti cha bosi, cheusi, mgongo mrefu, sponji limejaa. 280,000. Nikalipa siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye kiuno kinauma vilevile, na sasa miguu nayo inakufa ganzi nikikaa.

Kumbe kosa ni langu. Mteja akitaka suruali, swali langu la kwanza ni "Kiuno inchi ngapi, dada?" Sijawahi kutuma suruali bila kujua saizi. Lakini kiti cha laki mbili na themanini nilinunua kwa picha tu! Sikuuliza kipimo hata kimoja.

Basi shika hili: kiti hakilindi mgongo kwa sababu tangazo limesema hivyo. Kinalinda mgongo kama kinakutosha wewe, na kama kinaweza kurekebishwa kikufuate.

JIPIME NYUMBANI KWANZA

Chukua futi ya fundi cherehani. Kaa wima, miguu imekanyaga chini, umevaa malapa unayovaa ukifanya kazi.

1. Sakafu mpaka nyuma ya goti. Mimi ni sentimita 41. Hicho ndicho kimo cha kiti unachotaka. Kiti kikiwa kirefu zaidi na hakishuki, miguu inaning'inia na mapaja yanabanwa. Viti vingi vya ofisini haviteremki vya kutosha kwa sisi wafupi, kwa hiyo uliza kinashuka mpaka sentimita ngapi.

2. Nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti. Mimi ni 46. Punguza sentimita 4 mpaka 6, ndo unapata kina cha sehemu ya kukalia. Changu kinatakiwa kiwe 40 mpaka 42. Kile cha bosi kilikuwa 50! Nikisogea nyuma, ukingo unanibana magoti kabla mgongo haujafika kwenye egemeo. Nikisogea mbele, mgongo unabaki hewani. Ganzi ilitokea hapo.

3. Sakafu mpaka kwenye kiwiko, mikono ikiwa imelegea na kukunjwa. Linganisha na kimo cha meza yako. Meza ikiwa juu sana, utainua mabega siku nzima bila kujua.

Unanunua mtandaoni? Mwombe muuzaji vipimo hivi. Akikwambia "kiti kizuri tu, dada, hutajuta", mwambie apime akutumie.

UKIFIKA DUKANI, USIKIONEE AIBU KITI

Kikalie dakika kumi kamili, siyo sekunde mbili. Angalia haya:

• Sukuma makalio mpaka mwisho. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu.
• Egemeo liwe na uvimbe unaojaza lile bonde la kiuno, juu kidogo ya mkanda. Likiweza kupandishwa na kushushwa, bora zaidi. Uvimbe ukikugusa mabegani, kiti hicho si chako.
• Egemeo lilale nyuma kidogo na lijifunge hapo. Kukaa wima kama askari siku nzima kunachosha kiuno.
• Mikono ya kiti iingie chini ya meza. Ikigonga meza, utakaa mbali na kuinama mbele kufuata kompyuta.
• Miguu ya chini iwe mitano. Minne inapinduka kirahisi.
• Bonyeza sponji kwa ngumi. Ukigusa ubao, limekwisha.
• Kipandishe juu, ukikalie. Kikizama chenyewe taratibu, gesi imechoka.

Kwa joto la Dar, mgongo wa neti ni mzuri kuliko ngozi ya bandia, maana hewa inapita.

KIPYA AU KILICHOTUMIKA?

Mimi niliuza kile cha bosi kwa hasara, nikachukua kiti kilichotumika ofisini kwa 150,000. Fundi akanibadilishia gesi na magurudumu kwa 30,000. Jumla 180,000. Nikikitumia miaka mitatu, ni 5,000 kwa mwezi. Siku zile nne za kulala zilinigharimu zaidi ya hapo. Iandike kwenye hesabu zako kama kifaa cha biashara, kama unavyoandika mizani au printa.

HUNA HELA SASA HIVI?

Usikope kwa ajili ya kiti. Viringisha khanga mbili, zifunge, ziweke nyuma ya kiuno. Miguu isipofika chini, weka kreti la soda au boksi gumu. Inua kompyuta kwa vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho. Ukiandika sana, tafuta kibodi ya pembeni. Simu usiisome ikiwa mapajani, ilete usawa wa uso.

KITI PEKEE HAKITOSHI

Hapa wengi tunajidanganya. Hata kiti cha milioni, ukikikalia saa sita mfululizo, mgongo utalalamika. Mimi nimeweka alamu kila nusu saa. Ikilia nasimama, natembea mpaka mlangoni, narudi. Simu za wateja napokea nimesimama. Mizigo sipaki tena sakafuni, napakia kwenye meza inayonifika kiunoni. Nikinyanyua kiroba nachuchumaa, nakibeba karibu na mwili. Nilianza kuona tofauti baada ya mwezi na kitu, siyo siku ya kwanza.

WAKATI WA KUMUONA DAKTARI

Kiti si dawa. Maumivu yakishuka mguuni mpaka chini ya goti, mguu ukiishiwa nguvu au kufa ganzi, yakija pamoja na homa au kupungua uzito, au yakianza baada ya kuanguka, nenda hospitali. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ukipata ganzi sehemu za siri, nenda siku hiyohiyo. Usisubiri umalize oda.

La mwisho. Tangu yale yanikute, kila suruali ninayoweka ukurasani ina vipimo vyote: kiuno, paja, urefu. Maswali yamepungua, na mizigo inayorudishwa pia. Mimi nilinunua bila vipimo nikaumia, na sitaki mteja wangu apitie hayo.

Leo kabla hujafunga kazi, jipime vile vipimo vitatu, halafu pima kiti unachokalia. Tuandikie hapa chini: vinalingana au vinapishana kwa sentimita ngapi? Na mtumie hii mwenzako anayelalamika kiuno.