SOMO LETU: SELI NI NINI, NA INAMHUSU NINI MFUGAJI?



Ng'ombe ana ndigana kali. Anadungwa penisilini leo, anadungwa kesho, na bado anakufa. Pesa zimekwenda na maziwa yamekwisha. Kwa nini? Jibu limo ndani ya kitu kidogo tusichoweza kukiona kwa macho, yaani seli. Hebu tujifunze pamoja.

Kila kilicho hai kimejengwa kwa seli, kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyezipa jina hilo mwaka 1665, alipotazama kipande cha gome la mti kwa hadubini.

Seli ya ng'ombe ina sehemu hizi kuu:

1. Utando. Huu ni kama lango lenye bawabu. Huchagua kinachoingia na kinachotoka.

2. Sitoplazimu. Ni majimaji mazito yanayojaza seli. Kazi nyingi hufanyika humo.

3. Kiini. Hapa ndipo karibu maagizo yote ya seli yanapowekwa, pamoja na lini igawanyike.

4. Mitokondria. Hizi ni kama jiko. Hutumia chakula na hewa ya oksijeni kutoa nguvu.

Seli ya mmea ina hizo zote, na tena ina ukuta mgumu nje ya utando. Majani mabichi yana pia kloroplasti, ambazo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Bakteria ni seli moja tu. Hawana kiini wala mitokondria, lakini wengi wao wana ukuta.

JARIBIO LA KIKUNDI

Kata vipande viwili vya waru, vyembamba na vya ukubwa sawa. Weka kimoja katika maji matupu, na kingine katika kikombe cha maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Ngojeni saa tatu hivi. Cha maji matupu kitakuwa kigumu, na cha chumvi kitalegea. Maji yenye chumvi yamevuta maji ya waru kupitia utando. Kwenye maji matupu, maji yameingia ndani ya seli, lakini ukuta umeizuia isipasuke. Shikeni jambo hili la ukuta.

SASA TURUDI KWA NG'OMBE

Penisilini huwazuia bakteria kujenga ukuta wao. Ukuta ukidhoofika, maji huingia, bakteria hupasuka na kufa. Seli za ng'ombe hazina ukuta, kwa hiyo dawa haiziharibu.

Lakini ndigana kali haitokani na bakteria. Inaletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, ambacho huambukizwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Kijidudu hiki hakina ukuta, basi penisilini haina cha kubomoa!

Tena ni kijanja. Huingia ndani ya seli nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, na kuzilazimisha zigawanyike ovyo. Seli ikigawanyika, nacho hugawanyika pamoja nayo. Ndiyo maana matezi huvimba, hasa lile la chini ya sikio, na joto hupanda kupita digrii 40. Mwishowe mapafu hujaa maji na mnyama hushindwa kupumua.

TUFANYE NINI?

• Ukiona tezi limevimba na mnyama ana joto, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Iko dawa ya ugonjwa huu, buparvakwoni, lakini husaidia zaidi ikitolewa mapema.

• Ogesheni mifugo kwa ratiba, na mkague masikio. Kwa kawaida kupe hunyonya siku kadhaa kabla ya vijidudu kukomaa katika tezi zake za mate. Ukimtoa mapema umeokoa ng'ombe.

• Ulizeni juu ya chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya 1970. Mnyama hupewa vijidudu hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti, na mwili wake hujifunza kujikinga. Mkiwa kikundi ni rahisi kumwita mchanjaji na kugawana gharama.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Seli ya waru na seli ya ng'ombe zinatofautiana vipi?
2. Kwa nini penisilini haiui kijidudu cha ndigana kali?
3. Katika kikundi chetu, nani atakumbusha siku ya kuogesha?