Fungu la Ardhi ya Wazi: Mwongozo kwa Wakazi wa Magongo

Magongo, Mombasa, imezungukwa na shughuli kubwa. Bandari iko karibu, uwanja wa ndege uko mwisho wa barabara, stesheni ya reli ya Miritini ilifunguliwa mwaka 2017, kisha ikaja barabara ya Dongo Kundu. Palipokuwa na minazi na mihogo, leo pana yadi za makontena. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 131,882 katika kaunti ndogo yetu ya Changamwe. Watu hao wanahitaji mahali pa watoto kucheza, pa mazishi, na pa maji ya masika kunywewa na udongo badala ya kuingia majumbani.

Maeneo hayo hayatabaki kwa kuombewa tu. Yanahitaji fedha za umma, na kijitabu hiki kinaeleza zitafutwe vipi.

Kiwanja cha umma nacho hunyakuliwa

Wengi hudhani kiwanja kikishaitwa cha umma basi kiko salama. Ripoti ya tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyokabidhiwa mwaka 2004, ilionyesha kinyume chake: viwanja vya michezo, ardhi za shule na misitu kote nchini viligawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Eneo ambalo halijapimwa, halina hati wala ua, ndilo jepesi kunyakuliwa. Kupima ni fedha. Kusajili hati ni fedha. Ua na mlinzi ni fedha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti kilimo, mipango ya ardhi, bustani, fuo na sehemu za burudani, kwa hiyo dai hili linaelekezwa kaunti kwanza.

Kisiwani Mombasa tumeona matokeo ya fedha zikitengwa. Serikali kuu iliikarabati bustani ya Mama Ngina ufukweni, na sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba 2019 zikafanyika hapo. Sisi wa bara tunastahili vivyo hivyo.

Na shamba la mtu binafsi?

Hapa pana ugumu zaidi. Mwenye shamba ana haki ya kuuza. Kumwambia aendelee kulima kunde ili mtaa upate hewa, huku jirani yake akipokea mamilioni kutoka kwa mwenye makontena, ni kumdhulumu. Ikiwa umma unafaidika, umma ulipe.

Kenya imewahi kujaribu. Mwaka 2000, kwenye nyanda za Kitengela kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ulianza mpango wa kuwalipa wafugaji takriban shilingi 300 kwa ekari kila mwaka. Sharti lilikuwa wasijenge ua, wasikate viwanja, waache ardhi wazi kwa mifugo na wanyamapori. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, karibu na kufunguliwa kwa shule, na familia nyingi zililipia karo kwa fedha hizo. Udhaifu wake ni kwamba fedha zilitegemea wafadhili, nayo bei ya ardhi ilipanda kuliko malipo waliyopewa. Tunaamini mpango wa namna hiyo unahitaji mizizi ndani ya bajeti ya serikali.

Marekani walipita njia hiyo ya bajeti. Wapiga kura wa mji wa Boulder walikubali mwaka 1967 kutozwa kodi ya mauzo ili mji ununue ardhi za wazi. Kaunti ya Suffolk, New York, ilianzisha mwaka 1974 mpango wa kununua haki ya ujenzi peke yake: mkulima analipwa, anabaki na shamba lake, lakini nyumba hazitajengwa humo tena. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 nayo inairuhusu mahakama kuiwekea ardhi masharti ya kuihifadhi, na mwenye ardhi hiyo ana haki ya fidia.

Jambo moja la Mombasa lisisahaulike. Wengi wetu tuna nyumba bila ardhi: kuta ni zetu, kiwanja ni cha mwingine. Mpango wowote wa kulinda eneo uwahesabu watu hawa tangu mwanzo, wasije wakahamishwa kwa jina la bustani.

Lini useme

Kaunti huandaa mpango wake wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Anayelalamika mwezi wa Julai amechelewa, kwani mwaka mpya wa fedha umekwisha kuanza. Hudhuria vikao vya maoni ya umma, maana kifungu cha 201 cha Katiba kinakupa nafasi hiyo. Andika jina la eneo, mipaka yake, kazi inayotakiwa na fungu unaloomba. Mpe mwakilishi wadi nakala moja, nyingine ipeleke kwa karani wa bunge la kaunti, kisha ubaki na nakala yako iliyopigwa muhuri.

Ukiona mawe yameshushwa kiwanjani, usingoje. Kwa kifungu cha 70 cha Katiba, mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Keti na majirani zako kabla ya Septemba, orodhesheni viwanja na mashamba yaliyosalia Magongo, na ombeni kwa maandishi kila eneo litengewe fedha.