Flati Zinatuonyesha Do Iko Wapi



Jumamosi iliyopita mazoezi ya kwaya yalikwama kwa sababu ya silabi moja. Mpiga kinanda wetu, aliyesoma muziki kwa Kifaransa, alisema wimbo unaanzia fa. Sauti ya pili, ambao wengi wamelelewa na tonik solfa huko Tanzania na Kenya, wakaimba fa yao, na wimbo ukaharibika hapo hapo.

Hakuna aliyekosea. Kwa Kifaransa, do ni noti moja isiyohama, ile inayoandikwa C kwa herufi, na fa ni F siku zote. Katika tonik solfa, mfumo ulioenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, do ni nyumbani kwa wimbo, nayo huhama. Ndiyo maana nakala zetu za zamani ziliandikwa juu "Doh ni F" au "Doh ni G".

Kitabu tunachotumia hapa hakituandikii hivyo. Kina mistari mitano, na mwanzoni mwake kuna vialama kama herufi b ndogo. Hizo ni flati. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi huziita bemoli. Kila moja hushusha noti ya jina lake kwa nusu toni, wimbo mzima, mpaka mtunzi aifute. Ni kama agizo lililoandikwa juu ya faili la mgonjwa: muuguzi wa zamu ya usiku hangoji kuambiwa tena.

Flati hukaa kwa mpangilio mmoja tu: B, E, A, D, G, C, F. Haziruki foleni. Zikiwa mbili, ni B na E. Zikiwa tatu, A inaongezeka.

Sasa shikeni hili: flati ya mwisho kulia ndiyo fa. Shuka kutoka hapo: fa, mi, re, do. Wimbo wenye flati moja, B ni fa, A ni mi, G ni re, F ni do. Kwa nini B ishushwe? Kwa sababu mi na fa hutengana kwa nusu toni tu, na kutoka A hadi B ya kawaida ni toni nzima.

Chukueni "Kaa Nami", ambao vitabu vingi huuandika kwa flati tatu. A flati ni fa, G mi, F re, na do inaangukia E. Lakini E nayo imeshushwa, kwa hiyo do ni E flati. Hapa wengi hujikwaa, nami nimo. Njia ya mkato: zikiwa mbili au zaidi, flati ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Ya flati moja ikaririni tu: F.

Nyimbo za huzuni hutumia flati hizo hizo, ila nyumbani kwao ni la. Tazameni noti ya mwisho ya besi. Mara nyingi ndiyo itakayowaambia kama wimbo umetua kwenye do au kwenye la.

Kabla ya Jumamosi, kila mmoja achague nyimbo tatu zenye flati na aandike do kwa penseli pembeni. Tumekubaliana na mpiga kinanda: yeye atataja herufi, sisi tutaimba do.